Elden Ring: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mapigano na kuboresha silaha

Ukurasa huu ni kwa wanaoanza, na pia kwa wale walioanza, wakapigwa na bosi (adui mkubwa) aitwaye Margit usiku kucha, wakaiweka gemu kabatini. Gemu yenyewe haina Kiswahili, kwa hiyo majina ya vitu na sehemu nimeyaacha jinsi yanavyoonekana kwenye kioo ili usipotee ukiyatafuta. Mengine yote nayasema kwa maneno yetu: uhai ni ule mstari mwekundu, pumzi ni ule wa kijani, levo ni ya mhusika wako na daraja ni lile la silaha, yaani +1, +2 na kuendelea.

Elden Ring ni gemu gani hasa, na kwa nini kila mtu analalamika kuwa ni ngumu?

Imetengenezwa na FromSoftware ya Japani chini ya Hidetaka Miyazaki, na ilitoka tarehe 25 Februari 2022. Historia ya ulimwengu wake ilianzia kwa mwandishi wa Marekani, George R. R. Martin. Unaanza kama mtu asiye na chochote katika nchi ya Limgrave, unaua maadui, unapata rune, na rune ndizo fedha na ndizo levo. Ukifa zinabaki pale ulipoangukia. Ukifa tena kabla hujazichukua, zimekwenda.

Ugumu wake ni wa aina mbili, na watu huzichanganya. Kuna ugumu wa mikono, yaani kujua lini ukwepe na lini upige. Kuna pia ugumu wa kujitakia: kwenda kwenye pambano na upanga ambao haujaguswa na mhunzi. Karibu kila anayeniuliza "nifanyeje na bosi fulani" nikimwomba anioneshe silaha yake, nakuta iko +1.

Nina rune za kutosha. Nipandishe levo au niboreshe silaha?

Silaha. Hilo ndilo jibu la nusu ya maswali yote ya ukurasa huu.

Chukua upanga wa Longsword, ule ambao Vagabond anaanza nao. Ukiwa haujaboreshwa, nguvu yake ya msingi ni 110. Ukifika +25 ni 269, bila kuhesabu nyongeza inayotokana na sifa zako za Strength (nguvu) na Dexterity (wepesi). Na hiyo nyongeza nayo hukua kadiri silaha inavyopanda daraja, kwa sababu inahesabiwa juu ya nguvu ya silaha yenyewe. Ndiyo maana mtu anayemwaga levo kumi kwenye Strength huku upanga uko +0 anaona namba zikisogea kidogo tu, anakata tamaa, anadhani gemu imeharibika. Haijaharibika. Strength yake haina cha kushikia.

Maadui wa hapa nao hawapandi levo pamoja nawe, tofauti na gemu nyingine za dunia kubwa. Askari wa Limgrave atabaki askari wa Limgrave. Kwa hiyo kila daraja unaloongeza unalihisi papo hapo: aliyekuwa anakufa kwa mapigo manne sasa anakufa kwa matatu, na pigo moja pungufu ni nafasi moja pungufu ya yeye kukupiga.

Mawe ya kuboreshea yanafanyaje kazi?

Kuna familia mbili za silaha. Za kawaida zinatumia Smithing Stone na zinafika +25. Za kipekee, zile zenye ujuzi wake (pigo maalumu) ambao huwezi kuubadilisha, nyingi zinatumia Somber Smithing Stone na zinaishia +10. Usidhani +10 ya pili ni ndogo kuliko +25 ya kwanza. Ni ngazi ileile yenye vipandio vichache.

Kwa silaha ya kawaida, kila namba ya jiwe inakuvusha madaraja matatu: mawe mawili, kisha manne, kisha sita. Yaani 12 ya namba 1 yanakufikisha +3, 12 ya namba 2 yanakufikisha +6, na hivyo hivyo mpaka namba 8 inayokufikisha +24. Daraja la mwisho linataka Ancient Dragon Smithing Stone moja. Jumla ni mawe 96 na lile la joka juu yake. Kwa silaha za Somber ni jiwe moja tu kila daraja, namba 1 hadi 9, na la joka la kufungia.

Hesabu hiyo ina somo lake. Silaha za Somber ni rahisi kujaribu, kwa hiyo mtu mwenye tamaa ya kubadilisha badilisha silaha zitamfaa zaidi. Silaha ya kawaida ni kama mke wa kwanza, ukishaoa usitangetange.

Mwanzoni utaboresha kwenye fuawe lililopo Church of Elleh, lakini pale mwisho ni +3. Baada ya hapo ni kwa mhunzi Hewg, katika makao yaitwayo Roundtable Hold, ambako Melina, msichana anayekuongoza safarini, atakualika.

Mawe ya mwanzo yako wapi?

Ingia Limgrave Tunnels, mgodi ulio upande wa kaskazini wa ziwa la Agheel. Mawe yamepachikwa ukutani na yanang'aa, unayachomoa tu. Wachimbaji waliomo humo wana ngozi ya mawe, ukiwapiga kwa upanga mwembamba unadunda na pumzi inakuishia. Nenda na rungu, au chochote cha kuponda, utawavunja kama vigae. Hapo utaonja jambo ambalo gemu haikwambii waziwazi: aina ya pigo (kukata, kuchoma, kuponda) ina maana, na kubeba rungu la akiba hakuhitaji kuliboresha sana ili likufae.

Ukifika nchi ya Liurnia, tafuta Raya Lucaria Crystal Tunnel. Bosi wake, Crystalian, anaangusha Bell Bearing ya wachimbaji. Ipeleke kwa Twin Maiden Husks, wale mabibi wawili waliokauka pale Roundtable Hold, nao wataanza kukuuzia mawe ya namba 1 na 2 bila kikomo. Kuanzia siku hiyo shida ya mawe madogo imekwisha, na unaweza kujaribu silaha yoyote hadi +6 kwa rune tu. Zipo Bell Bearing nyingine mbele kwa mawe makubwa zaidi. Ukiona mgodi wowote kwenye ramani, zile alama nyeusi zenye mdomo wa pango uliozungushiwa rangi ya chungwa, usiupite.

Herufi E, D, C, B, A na S kwenye silaha ni za nini?

Zinaonesha silaha inanufaika kiasi gani na sifa zako. E ni kidogo, S ni kikubwa. Silaha yenye D kwa Strength haitakushukuru sana ukipandisha Strength. Yenye A itakushukuru. Herufi hubadilika silaha ikipanda daraja, na hubadilika pia ukiipa silaha tabia mpya: Heavy inaipeleka kwenye Strength, Keen kwenye Dexterity, Quality inagawa kwa zote mbili.

Ili ufanye hivyo unahitaji kwanza Whetstone Knife, iliyo ndani ya sanduku chini ya magofu ya Gatefront, jirani kabisa na mahali unapoanzia. Watu wengi hupita hapo kwa farasi bila kushuka. Kisha Iron Whetblade, iliyo ndani ya ngome ya Stormveil, ndiyo inayofungua Heavy, Keen na Quality. Kubadilisha tabia ya silaha ni bure na unaweza kurudia, kwa hiyo badili na uangalie namba zenyewe badala ya kumuuliza mtu mtandaoni.

Levo zangu niziweke wapi?

Vigor, sifa ya uhai. Najua si jibu tamu, kila mtu anataka kupiga kwa nguvu. Angalia namba: Vigor 25 inakupa uhai wa 800. Vigor 40 inakupa 1,450. Kwa levo 15 umeongeza 650, karibu mara mbili ya ulichokuwa nacho. Ukifika 60 una 1,900. Kutoka hapo hadi 99, levo 39 nzima, unaongezewa 200 peke yake.

Kwa hiyo mpango wangu huwa huu: Strength au Dexterity, au Intelligence kama ni mchawi, ifike kiwango kinachotakiwa kubeba silaha uliyoipenda na isimame hapo. Vigor ipande hadi 40 kabla ya jambo jingine lolote kubwa. Halafu ndipo urudi kwenye sifa ya silaha. Mabosi wa nusu ya pili ya gemu wana mapigo mfululizo, na mwenye uhai mdogo anakufa kwa kosa moja wakati mwenye Vigor 60 ana nafasi ya kukosea, kunywa chupa ya uhai, na kurudi.

Kwa silaha nyingi, sifa ya kupigia inaanza kupungua faida baada ya 60, na baada ya 80 unachopata ni makombo. Levo ya mwisho kabisa ni 713, yaani kila sifa ikiwa 99, lakini hakuna pambano linalokudai hayo.

Silaha inataka Strength 31 na mimi ninayo 21. Nisubiri?

Usisubiri. Ukiishika kwa mikono miwili, gemu inaizidisha Strength yako kwa moja na nusu. 21 inakuwa 31. Greatsword, lile panga pana kama mlango linalopatikana ndani ya sanduku la mkokoteni huko Caelid, linataka 31 hizo hasa na Dexterity 12. Kwa mikono miwili utalibeba mapema. Na hesabu hiyohiyo ndiyo inayofanya wapigaji wa mikono miwili wasimame kwenye Strength 66, kwa sababu 66 inasomeka kama 99.

Kwa nini kubingirika kwangu ni kuzito?

Angalia uzito uliobeba. Chini ya 30% unabingirika mbali na wepesi. Kati ya 30% na chini ya 70% ni kubingirika kwa kawaida, na wengi tunaishi hapo. Kuanzia 70% unaanguka kama gunia na kuchelewa kuinuka. Ukipita 100% hubingiriki kabisa. Vua kofia, vua glavu, ubaki chini ya 70%. Mavazi mazito yanasaidia, ila si kwa kiwango cha kununulia uzito huo.

Mavazi yanaboreshwa?

Hapana. Katika Dark Souls ya kwanza na ya pili yaliboreshwa, hapa hakuna. Vaa unachopenda kukiangalia, mradi uzito unaruhusu.

Margit ananiua kila nikikwepa. Nafanya nini vibaya?

Unakwepa mapema. Margit ametengenezwa kumkomesha mtu anayekwepa kwa hofu. Anainua fimbo juu, anaishikilia hapo kwa muda usio wa kawaida, wewe kidole kinakuwasha, unabonyeza, unamaliza kubingirika na kusimama wima, halafu ndipo fimbo inashuka juu ya kichwa chako. Tazama mkono unaposhuka, usiutazame unapopanda. Ingia pambano moja au mawili bila nia ya kupiga hata mara moja, ukimtazama tu. Ukijua mapigo yake matatu makubwa, utagundua baada ya kila pigo zito anatulia kidogo, na hapo ndipo pa kupiga. Mara moja au mbili, si tano.

Kubingirika nako usikimbilie nyuma siku zote. Mabosi wengi wa gemu hii wana silaha ndefu zinazokufuata ukirudi nyuma. Bingirika kuelekea kwake, upande wa ubavuni, upite chini ya mkono wake. Inaogofya mwanzoni, lakini ukiipata utashangaa nafasi unayokuta mgongoni mwake.

Akikuona unakunywa chupa, anakurushia visu vya mwanga. Usinywe ukiwa umesimama mbele yake. Kunywa mara tu anapoanza pigo refu ambalo umeshalikwepa.

Na kabla ya yote hayo: Margit si mlango wa lazima. Kuna njia ya pembeni ya ngome ya Stormveil inayokupeleka Liurnia, na upande wa kusini kuna rasi nzima ya Weeping Peninsula yenye makanisa, mapango na mawe. Nenda kachume, urudi na silaha ya +3 au zaidi. Mfanyabiashara Patches naye, ukimkuta kwenye pango la Murkwater ukamsamehe, anauza Margit's Shackle kwa rune 5,000, pingu inayomlaza Margit chini kwa muda katika awamu ya kwanza. Wapo wanaosema ni uoga. Rune ni zako.

Kuvunja msimamo ni nini?

Kila adui ana mstari uliofichwa, ambao hauonekani kwenye kioo, wa kupima jinsi anavyosimama imara. Mapigo mazito yanaupunguza haraka: pigo zito la kuruka, pigo zito ulilolishikilia hadi likajaa, na lile la kujibu baada ya kukinga. Ukiisha, adui anapiga goti na kutoa mlio, na ukimkaribia mbele unamchoma pigo kubwa. Ukimwachia muda bila kumgusa, mstari unajijaza tena.

Pigo la kujibu ndilo ninalowapendekezea wanaoanza. Beba ngao inayozuia 100% ya mapigo ya kawaida, Brass Shield kwa mfano, kinga pigo moja, halafu bonyeza kitufe cha pigo zito papo hapo. Unatumia pumzi tu, hutumii uhai. Pumzi ikikuishia ukiwa umekinga, ngao inafunguka na ndiyo mwisho wako, kwa hiyo ishushe ngao kila upatapo nafasi, pumzi ijae.

Kuvuja damu, baridi, sumu: kipi kina faida?

Kuvuja damu na baridi. Kila pigo linajaza kipimo, na kikijaa, damu inamkata adui takriban 15% ya uhai wake wote na kiasi kingine juu. Kwa sababu ni asilimia, bosi mkubwa ndiye anayeumia zaidi. Baridi inakata kidogo zaidi ya 10% na kumfanya adui aumie zaidi kwa kila pigo kwa muda. Moto unaiondoa, jambo ambalo wengine hulitumia makusudi ili kipimo kianze kujaa upya. Mifupa na maadui wa mawe hawana damu ya kuvuja, kwa hiyo usilazimishe.

Kuita mizimu ni kudanganya?

Si kudanganya. Mizimu hiyo, inayopigana upande wako, imewekwa ndani ya gemu na mabosi wametengenezwa wakijua ipo. Kengele ya kuitia unapewa na Renna usiku pale Church of Elleh ukishapata farasi. Ukimkosa, utainunua kwa wale mabibi wa Roundtable Hold. Mizimu nayo inaboreshwa hadi +10 kwa maua ya Glovewort yanayoota kwenye makaburi ya chini ya ardhi, kazi anayoifanya msichana Roderika pale Roundtable Hold. Mzimu wa +0 ukiupeleka kwa bosi wa levo za juu ni sadaka. Mimic Tear, unaopatikana Nokron, unanakili silaha na mavazi yako na unalipwa kwa uhai wako badala ya nguvu za uchawi, kwa hiyo uite kisha unywe.

Nilimwona mtu YouTube akimaliza bosi kwa sekunde kumi na ujuzi fulani. Mbona wangu haufanyi hivyo?

Angalia tarehe ya video. Sasisho la 1.03 la Machi 2022 lilipunguza Hoarfrost Stomp, Mimic Tear na ujuzi wa Sword of Night and Flame, vitu vitatu vilivyokuwa vinatawala wiki za mwanzo. Video za Februari na mwanzo wa Machi mwaka huo ni za gemu nyingine.

Chupa zangu za uhai ni chache. Zinaongezekaje?

Golden Seed zinaongeza idadi, mwisho 14. Nyingi zimeota chini ya miti midogo ya dhahabu inayong'aa kando ya njia. Sacred Tear zinaongeza nguvu ya kila chupa, mwisho +12, na hukaa makanisani. Ukiona kanisa, ingia.

Nimekosea kugawa levo. Nianze upya?

Hapana. Mshinde bosi Rennala katika chuo cha Raya Lucaria, kisha umpelekee Larval Tear, atakugawia levo zako zote upya. Zina idadi maalumu katika dunia nzima ya gemu, kwa hiyo usizichezee kwa kujaribu tu.

Nikiboresha silaha hadi mwisho, nitapata bado watu wa kucheza nao?

Gemu inakuunganisha na wenzako kwa levo na kwa daraja la juu kabisa la silaha uliyowahi kumiliki, hata ukiitupa. Ukitaka kumsaidia rafiki aliye mwanzoni, wekeni neno la siri moja kwenye sehemu ya mtandao. Hapo vizuizi hivyo vinalegezwa na mwenye nguvu anapunguzwa. Ukicheza bila bando hupotezi hadithi wala bosi yeyote, unakosa tu ujumbe wa wachezaji wengine, misaada na wavamizi.

Inafaa kuchezea kibandani kwa kulipia muda?

Itakula hela yako. Nusu ya muda unakufa na kurudi, na ukiondoka anayekuja nyuma yako anaweza kuendelea na mhusika wako akamaliza rune zote. Waachie wa mpira viti vyao.

Nina levo 150, nimeingia kwenye nyongeza ya Shadow of the Erdtree, napigwa kama mtoto. Kwa nini?

Kwa sababu huko levo si kipimo tena. Nyongeza hiyo ilitoka tarehe 21 Juni 2024, na ili uingie ni lazima uwe umewashinda mabosi Radahn na Mohg. Ndani yake kuna Scadutree Fragment, vipande 50, unavyovipeleka kwenye sehemu za kupumzikia ili upande madaraja 20 ya baraka. Kila daraja linaongeza nguvu ya mapigo yako na kupunguza ya adui, lakini ndani ya nchi ile tu. Aliyeingia na levo 200 bila kipande hata kimoja anaumizwa kuliko wa levo 120 aliyekwisha kuzunguka na kuokota. Vipo pia Revered Spirit Ash, madaraja 10, kwa ajili ya mizimu na farasi wako.

Fanya kama ulivyopaswa kufanya Limgrave: acha bosi, zunguka, ingia makanisani, tazama chini ya misalaba ya Miquella, na waue wale viumbe wanaotembea wakiwa wamebeba vyungu vikubwa kichwani. Siku chache baada ya kutoka, sasisho la 1.12.2 liliongeza nguvu ya madaraja ya nusu ya kwanza, kwa hiyo vipande vya mwanzo ndivyo unavyovihisi zaidi. Kama unacheza toleo la diski ambalo halijawahi kuunganishwa na mtandao, shusha masasisho kabla hujaendelea.